Samaki wa Kwetu Katika Tangi la Kioo

Samaki watatu waliokufa

Kisa hiki kilitokea katika darasa letu la kisomo, katika kijiji kimoja cha Bariadi. Karibu na ubao tulikuwa na meza. Juu ya meza palikuwa na tangi la kioo. Ndani ya tangi walikuwamo furu watano, kila mmoja mdogo kama kidole.

Jioni moja ilikuwa zamu ya mwanakisomo mmoja kuleta maji ya kubadilisha. Alileta ndoo mbili kutoka nyumbani kwake. Tuliyamimina maji katika tangi, tukaendelea na somo. Kabla ya somo kwisha, furu walianza kuogelea ovyo. Walizunguka-zunguka, kisha wakalala ubavu. Tuliwatoa haraka tukawatia katika beseni lenye maji mengine. Wawili walipona. Watatu walikufa usiku ule.

Kesho yake maneno yakawa mengi. Mmoja alisema tangi lile lina mkosi. Mwingine alisema kuna mtu mwenye jicho baya. Mimi nikasema, "Kuuliza si ujinga. Tuanze kwa kuuliza."

Tulimwuliza mwenzetu maji aliyachota wapi. Alijibu, "Kisimani, pale pale tunapochota sote." Tukauliza juu ya ndoo. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Ndoo moja niliichanganyia dawa ya pamba. Lakini niliiosha."

Tulimwomba alete chupa ya dawa ile. Mama mmoja wa darasa letu aliishika. Mama huyu alipoanza kisomo hakujua hata irabu. Aliisoma lebo polepole, neno kwa neno. Lebo ilisema kuwa dawa ile ni sumu. Ilisema ni hatari kwa samaki. Ilisema vyombo vya dawa visitumike kwa maji wala kwa chakula.

Darasa zima likanyamaza. Ndipo mwenye ndoo akasema kwa sauti ya chini, "Ndoo ile ndiyo tunayochotea maji ya kunywa nyumbani."

Tangu siku ile hakuna mtu katika darasa letu anayesema kuwa tangi la samaki ni mchezo wa watoto. Samaki ni shahidi wa maji. Maji yakiharibika, yeye ndiye wa kwanza kusema. Katika somo hili tutajifunza namna ya kufuga nyumbani samaki wa asili wa maji yetu, na kwa nini jambo hili lina maana.

Samaki wa asili ni wapi?

Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Una wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Mto Simiyu hutoka upande wa Serengeti, hupita katika nchi yetu, na huingia Ziwa Victoria katika Ghuba ya Speke. Wilaya ya Busega inapakana na ziwa lenyewe. Kwingine tuna malambo tuliyochimba kwa ajili ya ng'ombe. Katika maji haya yote wamo samaki.

Samaki wa asili ni wale waliokuwamo tangu zamani, bila kuletwa na mtu. Baadhi yao ni furu, ngege, kambale, kamongo, ningu na gogogo. Samaki wengine tunaowala leo waliletwa. Sangara waliletwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Sato pia waliletwa katika miaka ya 1950. Watu wengi wa leo hudhani sato na sangara ni samaki wa asili wa ziwa letu. Sivyo.

Furu ni samaki mdogo. Wengi hawazidi urefu wa kiganja. Lakini katika Ziwa Victoria palikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Wako waliokula wadudu, wako waliokula majani, wako waliokula konokono, na wako waliokula samaki wenzao. Hapo zamani furu walikuwa wengi mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kila kilo 100 za samaki waliokokotwa kutoka chini ya ziwa, zaidi ya kilo 80 walikuwa furu. Mjini Mwanza kilijengwa hata kiwanda cha kusaga furu kuwa chakula cha kuku.

Katika miaka ya 1980 sangara walizaana sana. Sangara ni samaki mkubwa, naye hula samaki wenzake. Furu wakapungua ghafla. Wataalamu wanakadiria kuwa karibu aina 200 za furu zilitoweka. Sangara ameleta fedha na kazi kwa watu wengi, na hilo ni kweli. Lakini aina ya samaki ikitoweka, hakuna fedha ya kuinunua tena.

Ngege naye yalimpata kama hayo. Zamani ndiye aliyekuwa samaki wa thamani kuliko wote ziwani. Alivuliwa kupita kiasi. Kisha samaki walioletwa wakamzidi nguvu. Leo ni vigumu kumpata katika ziwa kubwa. Amebaki zaidi katika maziwa madogo ya pembeni na katika mabwawa. Ziwa Kanyaboli nchini Kenya ni mojawapo ya mahali alipopona.

Samaki waliookolewa na matangi

Kuanzia mwaka 1977 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walifanya kazi Mwanza pamoja na Watanzania. Walikuwa wakiwachunguza furu. Baadhi ya furu hai walipelekwa Ulaya na kufugwa katika matangi ya kioo. Baadaye majumba ya samaki ya Marekani pia yalifuga furu wa Ziwa Victoria na kuwazalisha.

Sasa fikiri jambo hili. Baadhi ya furu walipokuwa hawaonekani tena ziwani, watoto na wajukuu zao walikuwa bado wakiogelea katika matangi ya Ulaya na Marekani. Mtoto wa London aliweza kumwona furu ambaye mtoto wa Busega hakumwona.

Mama mmoja wa darasa letu ni mzaliwa wa kando ya ziwa. Alipoona furu katika tangi letu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nilipokuwa msichana tuliwaanika hawa juani kama mahindi. Hatukuwahesabu. Nani angehesabu furu?" Maneno yale yalituingia. Mtu hatunzi kitu asichokijua. Ukimfuga furu mmoja nyumbani, utamjua. Ukimjua, utaanza kuyaangalia maji anamotoka.

Samaki gani wanafaa?

Anayefaa kwa mtu anayeanza ni furu mdogo. Ni mgumu, hula vyakula vingi, na hazidi sana ukubwa. Kifaranga cha ngege nacho hufaa, lakini kikikua kitahitaji tangi kubwa zaidi au bwawa.

Wafuatao hawafai:

Kambale hukua sana. Usiku huwameza wenzake.

Kamongo hukua zaidi ya mita moja, naye huuma vibaya.

Sangara hula wenzake wote, na hatosheki na nafasi ndogo.

Wako pia samaki wadogo sana wa madimbwi ya masika. Mvua ikinyesha huonekana katika dimbwi ambalo jana lilikuwa udongo mkavu. Watu wengine husema samaki hao wameanguka kutoka mbinguni. Ukweli ni kwamba wazazi wao walitaga mayai katika tope kabla dimbwi halijakauka. Mayai hukaa ndani ya udongo kiangazi chote. Mvua ikija, huanguliwa. Samaki hao huishi miezi michache tu. Tanzania ina aina nyingi za samaki wa namna hii, na Unguja ina aina yake yenyewe. Usiwachukue, kwani dimbwi moja laweza kuwa ndilo makao yao yote.

Kutengeneza tangi

Unaweza kuanza na beseni pana la plastiki. Lakini katika beseni utamwona samaki kwa juu tu. Tangi la kioo ni bora. Fundi vioo wa mjini anaweza kulitengeneza kwa vioo vitano: kimoja cha chini, viwili virefu vya mbele na nyuma, na viwili vifupi vya pembeni.

Tangi la kutosha lina urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 40. Kioo kiwe na unene wa milimita 6. Vioo huunganishwa kwa gundi ya silikoni. Mwambie fundi asitumie gundi iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Liache tangi likauke kwa siku 7. Kisha lijaze maji nje ya nyumba, ulitazame kutwa nzima. Likivuja, lirudishe kwa fundi.

Sasa tufanye hesabu. Tutatia maji mpaka kimo cha sentimita 35.

90 × 40 × 35 = 126,000

Lita moja ni sentimita za ujazo 1,000. Kwa hiyo:

126,000 ÷ 1,000 = lita 126

Ndoo moja kubwa hubeba lita 20. Tangi letu litachukua ndoo 6 na lita 6. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi maji peke yake yana kilo 126. Huo ni uzito unaozidi gunia la mahindi la kilo 100. Kwa hiyo meza iwe imara na sawasawa. Tandika blanketi kuukuu lililokunjwa chini ya tangi, ili kioo kisipasuke.

Weka tangi mahali penye mwanga, lakini jua lisilipige. Jua likilipiga, maji yatapata joto kali na kugeuka kijani. Mezani pasiwe mahali pa kupikia wala pa kupulizia dawa ya mbu. Dawa ya mbu ya kupuliza huua samaki.

Osha mchanga wa mtoni mara nyingi, bila sabuni, mpaka maji yatoke safi. Utandaze chini ya tangi kwa unene wa vidole viwili. Weka mawe machache na vipande vya chungu kilichovunjika. Hayo ndiyo maficho ya samaki. Furu asiye na maficho huonewa na wenzake mpaka afe. Juu funika kwa wavu au ubao wenye matundu. Furu huruka, na paka hawana adabu.

Maji yanayofaa

Hapa ndipo wengi hukosea. Soma sehemu hii mara mbili.

Kwanza, maji ya bomba mara nyingi hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Klorini huua samaki pia. Acha maji hayo katika ndoo zilizo wazi kwa siku mbili kabla ya kuyatumia.

Pili, maji ya lambo na ya mto yanaweza kuwa na kichocho. Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono, huogelea majini, na hupenya katika ngozi ya mtu. Visipompata mtu, hufa baada ya siku mbili hivi. Kwa hiyo chuja maji kwa kitambaa ili kuondoa konokono. Kisha yaache katika ndoo kwa siku 3 kabla ya kutia mkono. Usiingie lamboni miguu mitupu kutafuta samaki.

Tatu, maji ya visima vingine ni ya chumvi. Ukiyaonja yakawa na ladha ya chumvi, usiyatumie. Maji ya mvua yaliyochanganywa na maji ya kisima kizuri hufaa.

Nne, tumia ndoo maalumu. Ndoo hiyo isiwe imetiwa sabuni, mafuta ya taa wala dawa ya shamba. Hata ikioshwa, haifai. Dawa nyingine za pamba huua samaki hata zikiwa kidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho.

Sasa kuna jambo lisiloonekana. Samaki hujisaidia ndani ya maji yale yale anamoishi. Uchafu wake hutoa sumu iitwayo amonia. Mtoni uchafu huchukuliwa na maji. Katika tangi hauna pa kwenda. Lakini wapo vijidudu wadogo sana wenye manufaa. Hao hukaa katika mchanga na juu ya mawe. Huigeuza sumu ile kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Tatizo ni kwamba vijidudu hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka.

Ndiyo sababu samaki wengi hufa katika tangi jipya. Mimi mwenyewe nilikosea hapo. Tangi langu la kwanza nililijaza leo, na leo hiyo hiyo nikatia samaki 20. Nilijiona hodari. Baada ya siku chache walikuwa wanakufa mmoja mmoja, na sikujua kwa nini. Haraka haraka haina baraka. Mwezi wa kwanza weka samaki wawili tu. Mwezi wa pili ongeza wengine wawili. Tangi la lita 126 lisizidi furu 8.

Kila wiki toa theluthi moja ya maji, utie mengine yaliyokwisha kaa. Theluthi moja ya lita 126 ni lita 42, yaani kama ndoo mbili. Usibadilishe maji yote kwa mara moja. Usioshe mchanga wote kwa maji ya bomba, maana utawaua wale vijidudu wema. Maji machafu uliyoyatoa yamwage katika bustani ya mchicha. Ni mbolea nzuri. Kwa njia hiyo hata kiangazi, maji yanapokuwa haba, hakuna tone linalopotea.

Je, umeme ni lazima?

Umeme si lazima. Mwenye umeme au sola anaweza kununua pampu ndogo ya kutia hewa. Asiye nayo aweke samaki wachache na asijaze tangi mpaka juu. Hewa huingia majini kupitia uso wa maji, kwa hiyo tangi pana ni bora kuliko tangi refu kwenda juu.

Ukiona samaki wote wako juu wanahema alfajiri, ujue hewa imepungua. Chota maji ya tangi kwa kikombe, uyamimine tena kutoka juu. Rudia mara nyingi. Kisha badilisha theluthi ya maji.

Kuwapata na kuwasafirisha

Uvuvi katika nchi yetu unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Kabla ya kuchukua samaki, mwone afisa uvuvi wa wilaya na uongozi wa kijiji chenye lambo. Usivue katika hifadhi, kama Pori la Akiba la Maswa. Usitumie kokoro, chandarua wala dawa. Njia nzuri ni kumwomba mvuvi akuwekee furu wadogo walio hai.

Safiri asubuhi, kabla ya jua kali. Samaki wawe wachache katika ndoo, na juu weka kitambaa kilicholowa. Ukifika usiwamwage katika tangi mara moja. Tia kikombe kimoja cha maji ya tangi katika ndoo yao. Ngoja kidogo, kisha tia kingine. Endelea hivyo kwa nusu saa. Halafu wahamishe kwa wavu.

Chakula

Furu hula pumba laini, dagaa waliosagwa, minyoo midogo na wadudu. Chakula wanachokipenda sana ni viluwiluwi vya mbu. Ukiona maji yaliyotuama katika gudulia au tairi, chuja viluwiluwi uwape samaki. Kisha mwaga maji yaliyobaki. Samaki watashiba, na mbu watapungua.

Wape kidogo, mara moja au mbili kwa siku. Kipimo ni hiki: chakula kiishe katika dakika 3. Kinachobaki huoza na kuongeza amonia. Samaki wengi wa nyumbani hawafi kwa njaa, hufa kwa wingi wa chakula.

Aina ya chakula hubadili hata mwili wa samaki. Yuko furu mmoja anayevunja konokono kwa mataya yaliyo kooni. Nchini Kenya wataalamu walijaribu kumtia katika mabwawa ili ale konokono wa kichocho. Mafanikio hayakuwa makubwa. Ilionekana pia kuwa furu huyo akilelewa kwa chakula laini, mataya yake huwa membamba. Akilelewa kwa konokono, huwa manene na yenye nguvu.

Mama anayebeba watoto mdomoni

Furu dume ana rangi kali: nyekundu, buluu au manjano. Katika pezi lake la chini, karibu na mkia, ana madoa kama mayai. Jike ana rangi ya kijivu au ya mchanga. Dume akipata jike huchimba shimo dogo mchangani na kumchezea mapezi.

Jike akitaga, huokota mayai yake mara moja na kuyatia mdomoni. Kisha huona madoa ya dume, na huyadonoa kama mayai mengine. Hapo hupokea mbegu ya dume, na mayai yaliyo mdomoni hupata uhai. Hukaa nayo kwa wiki mbili au tatu. Muda huo halii kitu au hula kidogo sana. Shavu lake huvimba. Mtu asiyejua hudhani ni mgonjwa. Watoto wakitoka huogelea karibu naye. Wakiona hatari hurudi mbio mdomoni mwa mama.

Ukimwona jike wa namna hiyo, usimsumbue. Weka majike matatu au manne kwa dume mmoja wa aina ile ile. Madume wawili katika tangi dogo hupigana.

Jike humchagua dume kwa rangi yake. Mwaka 1997 mtaalamu Ole Seehausen na wenzake walieleza kuwa maji ya ziwa yakiwa machafu, majike hawaoni rangi vizuri. Basi huchanganyika na madume wa aina nyingine, na aina zao hupotea polepole. Uchafu huo hutoka kwetu pia. Mvua huosha udongo na samadi kutoka mashamba yasiyo na makinga maji. Maji hayo huenda mtoni, na mto huenda ziwani. Mkulima wa pamba wa Bariadi hamwoni furu wa Ghuba ya Speke, lakini udongo wa shamba lake unamfikia.

Usimwachie samaki ovyo

Siku moja unaweza kuchoka kufuga. Usimtupe samaki wako katika lambo, mto au ziwa lolote. Samaki aliyetoka mahali pengine anaweza kuleta ugonjwa, au kuwashinda wenyeji. Kisa cha sangara kinatosha kutufundisha. Mpe samaki mtu mwingine anayefuga, au mwulize afisa uvuvi. Pia usilete gugumaji kutoka ziwani kwa ajili ya pambo.

Ndoo yenye maandishi

Nirudi kwa yule mwenzetu wa ndoo. Aliondoka darasani siku ile bila maneno mengi. Kesho yake alikuja na ndoo ile na kopo la rangi nyekundu. Alitaka tumsaidie tahajia. Tukamwambia aandike mwenyewe. Alichukua muda. Herufi hazikulingana, lakini zilisomeka:

DAWA TU. USICHOTEE MAJI.

Ndoo hiyo sasa hukaa stoo ya shamba. Nyumbani alinunua nyingine. Mwezi uliofuata nyumba nne za jirani nazo zilikuwa na ndoo zenye maandishi mekundu. Wale furu wawili waliopona walikuwa dume na jike. Baadaye tuliwaona watoto wao, wembamba kama sindano, wakijificha nyuma ya kipande cha chungu.

Tukumbuke

1. Anza na samaki wawili, na ungoje mwezi mmoja.
2. Badilisha theluthi ya maji kila wiki.
3. Maji ya bomba yakae siku 2. Maji ya lambo yachujwe na yakae siku 3.
4. Chakula kiishe katika dakika 3.
5. Chombo cha dawa ya shamba kisitumike kwa maji kamwe.
6. Samaki wa tangi asiachiwe mtoni, lamboni wala ziwani.

Maneno mapya

Amonia: sumu itokayo katika uchafu wa samaki.
Klorini: dawa inayotiwa katika maji ya bomba kuua vijidudu.
Silikoni: gundi ya kuunganishia vioo.
Samaki wa asili: samaki aliyekuwamo majini bila kuletwa na mtu.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini samaki watatu walikufa? Wewe ungegunduaje?
2. Taja samaki wawili wa asili na wawili walioletwa katika Ziwa Victoria.
3. Tangi lina urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30. Maji yana kimo cha sentimita 30. Ni lita ngapi?
4. Waulize wazee wa kijiji chako: zamani kulikuwa na samaki gani katika mto au lambo lenu? Andika majina yao. Ni wangapi bado wapo?
5. Tazama vyombo vya maji vya nyumbani kwako. Je, kipo kilichowahi kutiwa dawa? Utafanya nini leo?